Siku Niliyokataa Kula Dame ya Bamukwe

Mniache niseme tangu mwanzo: siku ile sikutafuta ushindi. Nilitafuta sare, sare tupu, na ningeipigia magoti. Watu wa Kashebere mpaka leo wananisimulia mchezo ule sokoni utadhani mimi sikuwepo, na kila mmoja ana sababu yake aliyonitungia ya kwa nini nilimwachia mzee dame yake. Huyu anasema nina akili nyingi, yule anasema nilirogwa. Wote wanakosea, na nimechoka kuwasikiliza. Acha niseme mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Ntoto, huku Walikale, lakini kazi yangu iko Kashebere, kando ya barabara. Nina kibanda, juu ya paa kuna panneau ya jua, ndani kuna waya zimesokotana hata mimi mwenyewe sizijui zote. Ninachajia watu simu. Mtu ananiachia simu asubuhi, anakwenda shamba ao sokoni, anarudi kuichukua ikiwa imeshiba. Kazi hii ina muda mwingi wa kukaa bure, na muda huo njo ulinifundisha sataranji, mchezo ambao sisi tunauita eshek kwa kuwa ulitufikia kwa Kifaransa. Seremala jirani alituchongea vipande, tukachora ubao juu ya kifuniko cha sanduku, basi, kibanda kikageuka uwanja wa fujo.

Kwetu hakuna anayecheza kimya. Tuna namna yetu ya kuchezea mdomo: vipande vya mwenzako ni nyumba yake. Mfalme ni yeye mwenyewe. Pioni, vile vidogo vya mbele, ni watoto wake. Farasi ni mashemeji zake, kwa sababu hujui wataruka kwenda wapi. Na dame, kile kipande chenye nguvu kupita vyote, ni mama ya nyumba. Ungepita pale jioni yoyote ungesikia kelele: "Nimekula mutoto yako mwingine, na hata haulie!" Ao: "Papa, mama ya nyumba anatembea peke yake vile, weye uko wapi?" Ukifanikiwa kumla mtu dame unampa pole ya msiba, unamshika mkono kwa huzuni, halafu unamuuliza matanga ni lini. Tulizoea mzaha huo mpaka tukasahau kwamba ni mzaha.

Sasa, siku moja akaja dada mmoja kuchajia simu. Alikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza pale Kashebere, anakaa kwa shangazi yake. Akasimama anaangalia tunavyocheza, akatikisa kichwa mara nyingi mpaka nikakasirika, nikamwambia kama anajua sana basi akae. Akakaa. Alinipiga vibaya, bila kusema neno, akachukua simu yake akaenda. Wenzangu walinicheka mpaka machozi, na mimi nilibaki ninaangalia barabara. Nilikwisha siku hiyo hiyo.

Baba yake njo alimfundisha. Alikuwa mzee wa Burungu, kule juu Masisi upande wa Kitchanga, mwalimu aliyestaafu ambaye sasa analima maharage na ana ng'ombe wachache. Sataranji aliipata ujanani kwenye seminari, na alipotoka huko, kwa miaka mingi hakupata mtu wa kucheza naye ila watoto wake mwenyewe. Basi aliwalea kwa mchezo huo kama wengine wanavyolea kwa fimbo.

Tulipoelewana mimi na dada yule, nilimwomba shangazi yake apeleke neno Burungu. Huendi mwenyewe kusema unataka binti wa watu. Wazee wako njo wanakwenda, na wanakwenda pale tu baba wa binti amesema atawapokea. Shangazi alikwenda, akarudi na jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana. Mzee alisema hivi: "Simujui. Muntu unamujuaka siku ameshikwa. Niko nakuja ku mashindano ya eshek ya Kashebere. Nitakaa naye ku meza, nitamuangalia, kisha njo nitawajibia."

Ona mtego huo! Nikishindwa, mzee atasema mtu wa pori hana kichwa, na binti yake hamtoi kwa mtu asiye na kichwa. Nikishinda, nimemwaibisha baba wa watu mbele ya Masisi nzima na Walikale nzima, na hapo utamwomba nini tena? Nilimuuliza dada mwenyewe, yeye anayemjua.

"Papa anasamehe kila kitu," akaniambia. "Lakini sijaona bado mwenye alimupiga ku eshek akasamehewa."

"Na weye?"

"Mimi sijamupigaka."

"Lakini unaweza kumushinda!"

"Naweza. Lakini nilikuwa nakula kwake."

Basi nikaamua: sare. Nikajifunza namna ya kufungua mchezo polepole, kwa adabu, kipande kwa kipande, kama majirani wawili wanaorudishiana vyungu walivyoazimana. Hakuna kelele, hakuna damu, tunabaki na wafalme wetu wawili katikati ya ubao tupu, tunapeana mikono, tunaenda kula wali. Nilifanya mazoezi hayo mpaka wenzangu wa kibandani wakakataa kucheza na mimi. Walisema ninawatia usingizi.

Siku ya mashindano barabara ilikuwa inapitika, asante Mungu, na watu wa Masisi walishuka kwa pikipiki, matope mpaka masikioni. Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa parokia, meza zimepangwa, watu wamejaa mpaka madirishani. Mzee alifika na kofia na koti la zamani lililopigwa pasi. Na nyuma yake, Yesu wangu, alifika mke wake.

Sijui kwenu ni vipi, lakini kwetu mamukwe, yaani mama mkwe, hachezewi. Humshiki mkono, huli mbele yake, humwangalii usoni, hupiti karibu na magoti yake. Ukimwona njiani unaingia kwenye majani. Mtu ataniuliza: lakini ulikuwa bado hujakubaliwa, ilikuhusu nini? Ni kweli, haikunihusu. Lakini haya haingoji ruhusa ya mtu. Mama alipoingia ukumbini mimi tayari nilikuwa ninaangalia saruji.

Naye akaenda kukaa wapi? Mlangoni! Ukumbi mzima, mabenchi yote yale, yeye akachagua kiti kando ya mlango apate hewa, akaweka mwavuli wake juu ya magoti, na mlango ni mmoja tu. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi kwa ajili ya woga, nikaongeza nyingine kwa ajili ya woga wa pili.

Raundi za kwanza zilipita, nikashinda hapa nikashindwa pale, sikumbuki hata na nani. Raundi ya mwisho tukapangwa mimi na mzee. Walisema ni kura. Kura gani, wakati shangazi njo alishika kofia yenye makaratasi?

Tukakaa. Nikamsalimia kwa mikono miwili, "Jambo, Papa." Akaitika. Akavua kofia, akaiweka chini ya kiti. Yeye alikuwa na vipande vyeupe, kwa hiyo yeye anaanza. Akasukuma pioni ya mfalme hatua mbili. Nami nikasukuma yangu. Moyo ukatulia: mpaka hapa ni adabu.

Halafu akashika pioni ya pembeni yake, ile inayomlinda mfalme, akaisukuma nayo hatua mbili, akaiweka mbele ya mdomo wa pioni yangu, ya bure kabisa. Upande wa Masisi wakaguna "Eeeeh" kwa furaha, maana walikuwa wanaijua. Kwa asiyejua, ni hivi: mzee anakupa mtoto wake mmoja ule. Ukimla, umemfungulia njia, na kwenye njia hiyo watapita wakubwa wake wote kuja nyumbani kwako. Kwa muda mfupi unajiona tajiri. Kisha wanafika. Nyumba yake iko wazi, yako itabomolewa, na wa kwanza kupepesa macho amekufa. Ni ufunguzi wa watu wenye hasira, na hauachi nafasi ya majirani wa vyungu.

Kuna njia ya kukataa. Nilikuwa naijua, hata nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea huko, mzee akasema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa:

"Karibu. Kula."

Mungu wangu. Kwetu, mtu aliyekuja kuomba binti akiwekewa chakula na baba wa binti, anakula. Hata kama ameshiba, hata kama kimeungua, anamega, anasema asante. Kukataa sahani yake ni kukataa nyumba yake. Ukumbi wote ulilijua hilo, na mtu mmoja nyuma akakohoa, akasema ndani ya kikohozi: "Mukwe hakatalake sahani!" Mwamuzi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, akapiga meza: "Kimya!"

Nikala. Nikasema hata "Asante, Papa," watu wakacheka. Na tangu dakika hiyo sikuona tena amani.

Vipande vyake vikatoka kama watu wanaokimbilia mvua ya kwanza. Farasi, halafu fu wake, yaani kile kipande kinachokwenda mshazari, akakielekeza moja kwa moja kwa mfalme wangu. Nilikuwa mbele yake kwa pioni moja, na sikuwa na mahali pa kuilia. Nikajitahidi. Fu wangu mwenyewe nikampeleka mbali, akambana farasi wake mmoja mbele ya dame. Maana yake, farasi yule hawezi kuondoka: akiondoka tu, dame iko uchi mbele ya fu wangu. Nikapumua. Na kupumua njo kulinikumbusha ile chai.

Mzee akaanza kufikiri. Alifikiri, alifikiri, alijikuna kidevu, na mimi chini ya meza nilikuwa ninafunga miguu na kuifungua. Nikaangalia mlango: mwavuli, magoti, Mama. Haiwezekani. Nikaangalia dirisha: yule dada, binti ya mzee, alikuwa amekaa juu yake, akaona uso wangu, akaelewa, akasogea. "Pita," akanong'ona. Nikaruka dirishani, mbele ya watu wote.

"Walikale imekimbia!" wakapiga kelele. "Mumushike!"

Niliporudi kwa njia ile ile, matope magotini, ukumbi ulikuwa unacheka bado, na mzee alikuwa amekwisha kucheza. Niliangalia ubao, nikadhani watu wamemchezea mchezo wake wakati nilipokuwa nje. Farasi aliyebanwa hakuwepo tena mahali pake! Ameruka, amekaa katikati ya ubao, na dame ya mzee imesimama wazi mbele ya fu wangu, ya kula bila kulipa. Mzee amekunja mikono. Anaangalia dari.

"Amekosea!" watu wa kwetu wakanong'onezana, kwa mnong'ono unaosikika mpaka Masisi. "Mzee amechoka! Kula, bwana, kula!"

Hapo nilitaka kulia. Nilitafuta sare, na sasa ushindi umenijia wenyewe mdomoni. Nikila, mchezo umekwisha, mzee ameaibika. Nisipokula, mimi ni mjinga mbele ya kila mtu mwenye macho. Lakini niseme kweli, mkono una tabia yake. Mtu aliyecheza miaka yote kibandani akiona dame ya bure, mkono wake hauombi ushauri. Wangu ukanyanyuka, ukaenda, ukafika juu ya kichwa cha fu wangu. Bado sijagusa. Na sheria ni moja: kipande ukikigusa, ni lazima ukicheze.

Na rafiki yangu mmoja wa kibandani, Mungu amsamehe, uvumilivu ukamwishia. Akasahau kwamba yuko parokiani, akapayuka kwa sauti ile ile ya kila jioni: "Kula mama ya nyumba! Iko peke yake!"

Nikainua macho. Sijui kwa nini. Miaka ya adabu, na saa hiyo njo macho yangu yalichagua. Mama alikuwa ananiangalia kutoka mlangoni, moja kwa moja, na mimi nikamwangalia, mkono wangu ukiwa juu ya kipande, tayari kummeza.

Mkono ukaganda. Vidole vyangu viliondoka pale taratibu kama vimeungua, vikatafuta kitu kingine, kitu chochote, vikakuta farasi wangu, na farasi wangu akamla farasi yule wa mzee aliyeruka katikati. Shemeji. Shemeji naweza kula, nilijiambia, mashemeji hawana shida.

Fujo iliyotokea sitaki kuielezea. Mtu mmoja wa Walikale alitoka nje kwa hasira akitukana mbingu. Mwamuzi alipiga meza mpaka kalamu zikaanguka. Mzee peke yake hakufanya chochote. Alishusha macho kutoka darini, akaniangalia kwa muda mrefu, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuniangalia hasa. Nikafikiri: basi, amenichukia, amejua nimemhurumia.

Akaondoa dame yake. Mimi nikawa na farasi mmoja zaidi yake, lakini furaha haikudumu. Njia aliyoifungua kwa kunilisha mtoto wake sasa ilipitwa na ngome zake, zile zinazokwenda moja kwa moja, na zilishuka juu yangu kwa uchungu. Mfalme wangu alitoka nyumbani akaanza kutangatanga katikati ya ubao bila viatu. Mzee alihitaji pumzi moja tu animalize. Sikumpa. Dame yangu ikamtisha mfalme wake upande mmoja, akapanda. Nikamtisha upande wa pili, akarudi. Nikamtisha tena pale pale, akapanda tena. Hakuwa na mahali pa kujificha, nami sikuwa na kingine cha kumfanya, na kila mmoja wetu alijua kwamba nikiacha kutisha nimekufa. Tulikwenda hivyo, mlango huu, mlango ule, mpaka mwamuzi akasema hali ile ile imejirudia mara za kutosha, na mchezo ni sare.

Sare! Mzee akanyoosha mkono. Nikaupokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, na nusura niubusu.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee hakusimama. Alianza kupanga tena vipande juu ya ubao, kimoja kimoja, mpaka ikarudi hali ile ya dame. Watu wakatuzunguka.

"Kuya hapa," akasema. "Juu ya nini haukukula?"

Kabla sijafungua mdomo, mwalimu wa hesabu aliinama juu ya ubao, akatoa macho. "Ah! Ah! Muangalie!" Akashika fu wangu, akaila ile dame. Akashika fu wa mzee, akamtisha mfalme wangu. Mfalme wangu ana mahali pamoja tu pa kukimbilia, akampandisha hapo. Kisha akamleta yule farasi wa pili wa mzee, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimwangalia. Mat. Mfalme hana pa kwenda. Amekufa katikati ya mali yake yote, na tumbo limejaa dame.

Ukumbi ukalipuka. "Aliona! Mutoto wa Ntoto aliona!" Yule aliyetukana mbingu alirudi ndani kunikumbatia. Wazee wa Masisi waliniangalia, wakaambiana, "Huyu iko na kichwa." Wenzangu walikuwa tayari wanaeleza jinsi nilivyowafundisha mtego huo zamani. Na kule dirishani yule dada alikuwa ananiangalia kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake tangu aliponipiga kibandani. Hilo njo lilikuwa gumu kuliko yote.

Mzee akainua mkono, kelele zikashuka.

"Hii mutego nimewekea watu wengi," akasema. "Wote wanakulaka. Weye uliona?"

Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu. Hata kusema hakukuhitajika. Alikuja kutafuta mtu mwenye kichwa, na ukumbi mzima ulikuwa umempakulia sahani. Nilikuwa ninampenda binti yake mpaka usiku ninahesabu mabati, na ndiyo moja ingemleta nyumbani kwangu. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

"Hapana, Papa. Sikuona."

Msiniite mtu wa kweli, waulizeni wateja wangu. Ni kwamba macho ya mzee yalikuwa macho ya mwalimu, na niliona wazi kwamba nikisema ndiyo ile leo, nitairudia kila Noeli mezani kwake, nikichora mishale hewani, mpaka nizeeke.

Fahari ya watu wangu ikaanguka chini, niliisikia. Rafiki yangu alishika kichwa.

"Haukuona," mzee akasema. "Sasa ilikuwa nini?"

"Ilikuwa haya, Papa."

"Haya ya nani?"

Nikaangalia saruji. "Papa, pardon. Sisi, kule ku kibanda, dame ya muntu tunaiitaka mama ya nyumba. Sasa... sikuweza kukula mama ya nyumba yako, na yeye mwenyewe ananiangalia."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya mali ya Kanisa. Watu walishikana mabega. Mwamuzi alikaa chini kabisa. Mlangoni Mama alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima, mwavuli umeanguka, na kitenge kinatikisika. Mzee peke yake hakucheka. Alingoja mpaka wote wakachoka.

"Na nani alikuambia kama yeye iko mamukwe yako?"

Hapo hata aliyekuwa anakohoa aliacha.

"Hakuna muntu, Papa."

"Hakuna muntu."

"Nilitangulia tu kumuogopa." "Nilijisemea kama munakataa, nitaacha. Lakini kama munakubali, nikute nimeshazoea."

Aligeuka akamwangalia mke wake, na Mama, kutoka ndani ya kitenge, akamjibu kwa lugha yao maneno machache ambayo mpaka leo hakuna aliyenitafsiria. Dada hakuwa anacheka tena. Mimi niliogopa, niseme tu, niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilikuwa na hakika nimempoteza, na si kwa mchezo, bali kwa mdomo wangu.

Mzee alianza kukusanya vipande. Alivitia ndani ya kifuko cha kitambaa kimoja baada ya kingine, pioni, farasi, ngome, akafunga kamba, akainama kuchukua kofia yake chini ya kiti, akaikung'uta. Akasema bila kuniangalia:

"Wazee ya kwenu, wanaogopaka baridi?"

Sikuelewa. "Baridi, Papa?"

"Burungu iko baridi sana," akasema, akivaa kofia. "Uwaambie wakuje na makoti."